Mwalimu, Hazitoshi

Paje, Unguja
2 Machi 1970

Mwanangu Wanu,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Dar es Salaam. Sisi hapa Paje hatujambo. Bi Time wangu hapa nyumbani anakusalimu na anauliza kama umenenepa au bado unakula kama ndege. Baba yako nimemuona jana kwenye kahawa, ana afya yake, mguu tu ndio unaomsumbua.

Najua umeshangaa kupata barua yangu. Mwalimu wako si mtu wa kuandika, ni mtu wa kusema. Basi hapo ndipo penye shida yenyewe. Sauti inaniondoka, Wanu. Ilianza kukwaruza mwaka juzi, nikadhani mafua. Nimekunywa asali na tangawizi mpaka nyuki wa Paje wananijua kwa jina. Mwezi uliopita nikenda mjini kwa daktari, akanichungulia kooni na kijioo chake, akasema mna vinundu, na kwamba nikiendelea kupaza sauti mbele ya darasa lililojaa kila siku, itafika asubuhi nitafungua kinywa kisitoke kitu. Ati nitafute kazi ya kukaa kimya.

Nisikufiche, nimeogopa. Mimi sijui kazi nyengine zaidi ya hii. Lakini Mungu hafungi mlango akaacha na dirisha limefungwa. Wizara imetangaza kuwa inataka watu wakasomee biashara hapo chuoni kwenu, wakirudi waendeshe maduka ya ushirika huku mashamba. Kazi ya meza na kalamu. Hawamchukui aliyefika miaka thelathini na mitano, nami naitimiza mwezi wa Disemba, kwa hiyo ni mwaka huu au basi. Mtihani wa kuingilia utafanywa mjini tarehe sita Juni.

Wametupa kijitabu cha maswali ya mfano. Hesabu hazinishindi, wewe shahidi. Lakini mna sehemu moja ya aljebra ambayo sijapata kuona mfano wake. Wanakuuliza swali, mathalan x ni ngapi. Chini yake wanakupa taarifa mbili. Halafu hawataki ulijibu swali. Wanataka useme tu kama taarifa ulizopewa zinatosha kulijibu: ya kwanza peke yake, au ya pili peke yake, au kila moja kivyake, au zote mbili kwa pamoja, au hata zikiwa pamoja hazitoshi. Nani kasikia mtu anaulizwa swali akaambiwa asijibu?

Nimesikia kuwa wewe sasa ni mkufunzi msaidizi wa hesabu hapo hapo. Nimefanya kurasa za mwanzo, nakuletea. Zisahihishe bila ya kunionea haya. Barua nampa Abrahman, dereva wa gari letu la abiria, akaitie posta mjini.

Mwalimu wako,
Simai Makungu


Dar es Salaam
14 Machi 1970

Mwalimu wangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nilipofika kwenye habari ya daktari nikakaa. Mimi mpaka leo nikifumba macho nakusikia unavyosema "haya, tuanze", tukawa tunasikia tangu kwenye minazi tukaanza kukimbia. Sikujua kama sauti ile inaweza kumalizika. Nimesikitika sana.

Kuhusu msaada, usiniombe, niamrishe. Mtihani wenyewe unatungwa na wengine na kusahihishwa na wengine, mimi siuoni, kwa hiyo hapana aibu kukusaidia kujisomea. Na hata ingelikuwa kazi nzito ningeifanya. Sijasahau baba alipotaka kunitoa skuli. Ulikuwa ukija barazani kwetu Ijumaa baada ya Ijumaa, unakunywa kahawa, unazungumza habari ya pweza na habari ya mpira, na jina langu hulitaji. Nilikuwa nikikuchukia, nikisema huyu kaja kumaliza kahawa yetu tu. Mpaka baba mwenyewe akachoka kungoja, akakuuliza, "Kwani mwalimu, huyu mtoto unamuonaje?" Ungelimwambia siku ya kwanza angelikukatalia. Nakushukuru, Mwalimu. Kila nikiingia darasani hapa nakushukuru.

Majibu yako nimeyapitia yote. Mwandiko wako ni ule ule, mtu akiusoma anaona raha. Yako mengi yaliyo sahihi. Yapo machache ambayo pengine ukipata nafasi ungeyatazama tena, si kwa kuwa yana kasoro kubwa, ila kwa kujiridhisha tu, nimeyatia nukta ndogo pembeni. Aina hii ya maswali kila mtu humtatiza mwanzo. Kumbuka tu kwamba hawataki jibu, wanataka ujue kama jibu linapatikana, na linapatikana moja tu.

Msalimie sana Bi Time. Mwambie sijanenepa lakini najitahidi.

Mwanafunzi wako,
Wanu Mcha


Paje
29 Machi 1970

Mwanangu Wanu,

Marahaba. Barua yako imenitia nguvu za ajabu. Nimemsomea Bi Time yote, hapo pa mwandiko nikamsomea mara mbili. Nukta zako nimeziona. Nimeyatazama tena yale maswali kama ulivyosema, nimejiridhisha, sikuona haja ya kubadilisha.

Sasa nikwambie habari. Nimekwenda kwa mwalimu mkuu wetu, Bwana Muhiddin, nikamwambia kuwa mambo yanakwenda vizuri na mkufunzi wa chuo mwenyewe kayaona majibu yangu. Alifurahi sana kwa ajili yangu. Kaandika Wizarani wamlete mwalimu mwengine achukue darasa langu, na wamemjibu kuwa yupo, atafika katikati ya Agosti. Kwa hiyo hapa nishaaga. Kijiji kizima kinaniita meneja. Juzi mtu kaja kuniomba nimuwekee sukari katika duka ambalo halijajengwa.

Nakuletea kurasa nyengine. Naona nishaushika ufunguo wake. Kwa mfano hili: x ni ngapi? Taarifa ya kwanza, x na y jumla yake kumi. Taarifa ya pili, x mara mbili na y mara mbili, jumla yake ishirini. Nimejibu kuwa zote mbili kwa pamoja zinatosha, wala sikuhangaika kuikokotoa x yenyewe. Viko viwili visivyojulikana, na taarifa ni mbili. Hata kwa kadhi, mashahidi wawili wametosha.

Na hili la mfanyabiashara mwenye machungwa na maembe nimelipenda. Utaona nilivyolifanya.

Koo leo afadhali. Watoto watulivu, hawanisumbui, nikiuliza wananisikia wananiitikia vizuri.

Mwalimu wako,
Simai Makungu


Dar es Salaam
9 Aprili 1970

Mwalimu wangu, shikamoo.

Barua hii nimeianza, nikaichana, nikaianza tena. Naomba uisome ukiwa umekaa, na naomba radhi kabla sijasema.

Mwalimu, utashindwa mtihani huu ukiufanya hivi. Barua yangu iliyopita haikuwa ya kweli. Zile nukta ndogo zilikuwa makosa, makosa kamili, na nilipoyaona nilishindwa kukutilia alama nyekundu ya mkasi kama ulivyokuwa ukinitilia mimi. Nani mimi wa kumwambia Mwalimu Simai kakosa? Nikayazungusha maneno. Nawe kwa sababu yangu umeshaaga kazi, na hilo limeninyima raha tangu barua yako ifike.

Kosa lako ni moja, linajirudia. Kila palipotakiwa kusemwa hazitoshi, wewe umesema zinatosha. Hukukosa hata swali moja ambalo taarifa zake zinatosha kweli. Hesabu unaijua kuliko mimi. Lakini hujaandika "hazitoshi" hata mara moja katika kurasa zote.

Tazama machungwa na maembe. Wamekwambia jumla ni arobaini, wakakwambia machungwa yamezidi. Basi. Hawakusema yamezidi kwa ngapi. Wewe umeandika pembeni, kwa mkono wako, "Mtu akisema yamezidi, asiseme sana, huwa yamezidi kidogo, tuseme ishirini na mawili." Nani kakwambia kidogo, Mwalimu? Yanaweza kuwa thelathini na tisa. Tazama na lile ambalo x ikizidishwa kwa nafsi yake ni tisa, na x ni chini ya tano. Umesema ni tatu. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba hasi tatu nayo ikijizidisha ni tisa, na hasi tatu iko chini ya tano vile vile. Unajua. Umeiacha nje kwa makusudi, kama mtu asiyetaka fujo.

Na wale mashahidi wako wawili. Ukigawa taarifa ya pili kwa mbili, unapata ya kwanza. Si mashahidi wawili hao. Ni shahidi mmoja katoka mlango wa mbele, kabadilisha kanzu, karudi kwa mlango wa nyuma.

Nimefikiri sana kwa nini mtu hodari kama wewe afanye hivi, na nadhani najua. Nakumbuka nilipokuwa nakuja kwenu kusoma, wakiingia wageni wakati wa chakula, hamkuwahi kusema hakitoshi. Bi Time alikuwa akisema "kipo tele, karibuni", yeye mwenyewe akala ukoko jikoni. Sote tumelelewa hivyo. Kilicholetwa mbele yako hukitii ila, ni kukufuru. Mtu akija na pungufu lake unamsitiri. Basi wewe unayasitiri maswali, Mwalimu. Swali linakuja halijakamilika, wewe unaliongezea kilichopungua kutoka mfukoni mwako ili lisiaibike. Mtungaji wa mtihani hataki kusitiriwa. Anakuwekea lililopungua makusudi, aone kama utasema.

Mimi nami nimekusitiri wewe, na ndio maana tumefika hapa. Rudia kurasa zote tangu ya kwanza. Kila swali jiulize, je, naweza kupata jibu la pili ambalo taarifa hizi hazilikatai? Ukilipata, andika hazitoshi, wala usiwaonee haya.

Nisamehe.

Mwanafunzi wako,
Wanu Mcha


Dar es Salaam
3 Mei 1970

Mwalimu wangu, shikamoo.

Zimepita wiki sijapata jawabu yako. Nimemuuliza kila mtu wa Unguja ninayekutana naye bandarini. Nahofia nimekuvunjia heshima. Sikuwa na haki ya kukuandikia vile, na pengine nilizidisha. Majibu yako si mabaya kiasi nilichosema. Mengine hata hapa chuoni watu huyakosa, na huenda mtihani wenyewe usiwe na maswali mengi ya aina hiyo. Ukipenda, ichome ile barua, tuanze upya kama hapana lililoandikwa.

Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanafunzi wako,
Wanu


Paje
12 Mei 1970

Wanu mwanangu, hujambo?

Ni mie Bi Time. Kuandika nimefunzwa hapa hapa ukumbini na huyo huyo mwalimu wako, kwa hiyo ukiona herufi zinapanda mlima na kushuka, mlaumu yeye.

Barua yako ile ndefu ilifika. Aliisoma mlangoni, akaisoma tena, akaikunja, akenda zake pwani bila ya viatu. Aliporudi akala kimya. Nikasema leo keshanuna. Nikamuuliza, kwani huyo mtoto kakutukana? Akasema la, kasema kweli. Sasa unanunia nini? Akasema, "Sinuni, nafikiri." Wanaume wakinuna husema wanafikiri. Kafikiri hivyo mpaka nikachoka kuzungumza na kuku.

Hii barua yako ya pili Abrahman kanipa mie mkononi. Nimeifungua, unisamehe, nikaona unajirudi, ati majibu yake si mabaya kiasi hicho. Sikumpa. Nimekokea moto wa maandazi. Ukinikasirikia nikasirikie, lakini nisikilize kwanza. Mie ndiye ninayemsikia kila asubuhi ukumbini akijaribu sauti kabla hajenda skuli. Anasema "haya, tuanze", haitoki, anakohoa, anarudia. Kisha ananitazama kama nimesikia, nami najifanya napepeta mchele. Akishindwa mtihani huu atarudi kupiga kelele darasani mpaka iishe yote. Watu wengi wa kumwambia maneno matamu anao, na mie mmojawao. Wa kumwambia lile ulilomwambia umekuwa wewe peke yako. Usimnyang'anye.

Amesharudia kijitabu chote tangu mwanzo. Sasa ndiyo balaa, neno lenyewe limemnogea. Jana kaonja mchuzi akanambia chumvi haitoshi. Tangu aniowe hajapata kusema hivyo. Nilimtazama, akaona haya, akala. Lakini kweli, chumvi ilikuwa kidogo.

Atakuandikia mwenyewe akishafanya mtihani, kasema kabla ya hapo hana uso. Mie nakushukuru, mwanangu. Nakuombea kwa jina kila nikisali.

Mama yako,
Time


Paje
8 Juni 1970

Mwanangu Wanu,

Marahaba, na uniwie radhi kwa kimya changu. Barua yako iliniuma. Nakwambia kwa kuwa sasa tumekubaliana kusema. Iliniuma pahala pawili: kwanza kwamba nimekosa, na pili kwamba mtoto niliyemfundisha aljebra kaona haya kunambia, na haya hizo nimemfundisha mimi. Nilikwenda pwani nikatembea mpaka maji yakanifika magotini sikuona. Nikasema, mimi huyu nimepata mtu duniani ananitakia kheri hata akakubali nimchukie. Nikarudi nyumbani. Nilikuwa nishakushukuru tangu siku ile, kinywa tu kilikuwa kizito.

Mtihani nimeufanya juzi Jumamosi. Nililala mjini, Ng'ambo, kwa kaka yake Bi Time, asubuhi nikenda kwa miguu hadi Vuga palipofanywa mtihani. Tulikuwa ukumbi mzima, vijana watupu, mmoja akanipisha mlangoni akidhani mimi ndiye msimamizi.

Lile fungu letu lilikuja. Nikwambie moja. Waliuliza umri wa baba. Taarifa ya kwanza, baba amemzidi mwanawe miaka ishirini. Taarifa ya pili, miaka mitano iliyopita baba alikuwa amemzidi mwanawe miaka ishirini. Nikaiona nafsi yangu inaondoka kwenda kusaidia, inasema mtoto huyo atakuwa anasoma, tuseme ana kumi. Nikairudisha. Nikacheka peke yangu, msimamizi akanitazama. Kwani baba lini alipunguza kumzidi mwanawe? Nikaandika hazitoshi. Nilijiona, wallahi, kama namtoa mgeni nje.

Yapo mawili sikuyajua kabisa, na nimeacha wazi. Sitokudanganya.

Nikipata au nikikosa, nimefurahi kuwa nimeupata huo mtihani wako kwanza.

Mwalimu wako,
Simai Makungu


Paje
19 Julai 1970

Mwanangu Wanu,

Nimepata. Alhamdulillah, nimepata nafasi. Waraka umekuja Alkhamis, Abrahman kapiga honi tangu nje ya kijiji, watu wakadhani harusi. Masomo yanaanza Jumatatu tarehe tatu Agosti. Bi Time kalia, kisha kaniambia nikakate kucha. Baba yako kanikumbatia na mguu wake mbovu. Kila mtu ananishukuru mimi, nami nawaambia mshukuruni Wanu. Kazi hii ni yako.

Furaha hiyo ilikaa mpaka Ijumaa. Sasa nisikilize, maana nina jambo zito.

Ijumaa niliingia darasa la sita kuwaaga. Nikasema nasafiri, mwalimu wenu mpya atafika katikati ya Agosti, nikawausia. Nikamaliza, nikauliza kama siku zote, "Mmenisikia?" Wakaitikia wote kwa pamoja, "Naam, Mwalimu." Mwaka jana ningelitoka hapo, nimeridhika, nikenda zangu. Lakini wewe ushaniharibu. Nikajiuliza, je, kuna jibu la pili ambalo hiyo naam hailikatai? Nikamwita Mwatum, anayekaa safu ya mwisho ukutani. Nikamwambia, "Hebu niambie nimesema nini."

Akasimama. Akatazama miguu yake. Nikamwendea mpaka dawatini, nikamwambia sikukasirikii, sema tu. Akasema, "Sijui, Mwalimu." Nikamuuliza hukunisikia? Akasema, "Huku nyuma hatukusikii." Nikamuuliza tangu lini. Akawatazama wenzake, hakuna aliyemsaidia. Akasema, "Tangu darasa la nne."

Hebu fikiri, Wanu. Safu mbili za nyuma, watoto wazima, wamekaa mbele yangu wakitazama kinywa changu kinachezacheza, na kila nilipowauliza wameitikia naam, wasije wakanivunja moyo. Walikuwa wakijua ninaumwa. Na mimi nilikuwa nikiwaona hawafanyi vizuri, nawaita wazito, nawahamishia nyuma zaidi ili wale wepesi wanione. Nilipokuandikia kuwa watulivu wananiitikia vizuri, ndio hao.

Sasa mwakani wana mtihani wa kwenda mbele, na mgeni huyo anayekuja hatajua walipoachwa, atawakuta wameshaitwa wazito. Siwezi kuondoka hivi. Nataka nibaki mpaka mwalimu mpya afike, niwachukue hao wa nyuma peke yao, nikae nao karibu, sauti niliyonayo kwa watu wachache itawafika. Ni wiki mbili tu. Nakuomba uniulizie kwa mkuu wa chuo kama naweza kuchelewa. Mweleze vizuri, wewe wanakusikiliza. Wakikataa nafasi yangu, basi nimeridhia, kwani nitakuwa na uso gani huko nikikumbuka niliowaacha huku?

Niambie lilivyo.

Mwalimu wako,
Simai Makungu


Dar es Salaam
25 Julai 1970

Mwalimu wangu, shikamoo.

Haiwezekani. Nimekwenda kwa mkuu wa chuo mwenyewe, nimemueleza yote, kanisikiliza mpaka mwisho. Asiyefika Jumatatu tarehe tatu, nafasi yake anapewa mwengine siku hiyo hiyo, na mwakani utakuwa umeshapita umri. Usichelewe hata siku moja. Ukichelewa utarudi darasani, na sauti itakwisha, na watoto wa nyuma watakuwa safu zote.

Mara hii siombi radhi.

Nimefurahi mno kwamba umepata, nimeruka chumbani kama mtoto, jirani kaja kuuliza kuna nini. Lakini niliposoma habari ya Mwatum nililia, kwa sababu mimi nilikaa safu hiyo hiyo, ukutani hapo hapo, na nilikuwa nakusikia. Kila neno nilikuwa nalisikia. Ndiyo tofauti pekee kati yangu na yeye, Mwalimu. Yeye si mzito, na mimi sikuwa hodari. Mimi nilikukuta na sauti.

Kwa hiyo nimeomba likizo yangu. Zamu yangu ya kufundisha inaanza Septemba, wamenipa ruhusa mpaka mwisho wa Agosti. Muombe Bwana Muhiddin anikubalie. Nitawachukua hao wa nyuma mpaka mwalimu mpya afike, na akifika nitakaa naye nimuonyeshe. Nitaondoka hapa na meli ya Jumamosi ijayo, tarehe mosi, wewe utaondoka Unguja Jumamosi hiyo hiyo, kwa hiyo tutapishana njiani wala hatutaonana. Ufunguo wa chumba changu nimemwachia jirani, Bi Mwanakheir, utalala hapo mpaka upate bweni. Kitanda kina mbu, funga chandarua. Chuoni kaa safu ya mbele, na mtu akikuuliza kama umeelewa nawe hujaelewa, mwambie hujaelewa.

Barua hii nampa mtu anayesafiri kesho, naomba ikufikie kabla hujafanya ukaidi.

Usimtafutie Mwatum mwalimu mwengine. Nitakapofika nitakwenda moja kwa moja nyuma, nitaketi naye pale ukutani, nimuulize neno la mwisho alilolisikia kwako lilikuwa lipi. Tutaanzia hapo.

Mwanafunzi wako,
Wanu Mcha